Bega au kiwiko kinauma: jinsi ya kujipima na kujitibu nyumbani

"Bega linaniuma usiku, nipige eksirei?" "Kiwiko kinashika nikinyanyua sufuria, nichomwe sindano?" "Mama hafikishi mkono mgongoni, tumchue na mafuta gani?" Maswali haya hayaishi, na majibu yake karibu ni yale yale kila mara. Kazi yangu ni fiziotherapia. Wengi ninaowapokea wamefika wamechelewa: wameshachuliwa, wameshachomwa sindano mbili tatu, wengine wamefunga mkono kifuani kwa kanga mwezi mzima mpaka bega likakakamaa. Sehemu kubwa ya hao wangeanza kupata nafuu mapema sana kama wangejua mambo mawili: ni kitu gani hasa kimeumia, na kipewe kazi kiasi gani.

Ndiyo, kazi. Maumivu mengi ya bega na kiwiko ya mtu mzima hutoka kwenye kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Kano iliyochoka haiponi kwa kulazwa. Hupona kwa kupewa mzigo mdogo unaoongezwa taratibu.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye maumivu yalimjia polepole, hajaanguka wala hajagongwa. Soma kwanza sehemu inayofuata, hata kama una haraka.

Usijitibu, nenda hospitali, kama una moja ya haya

- Umeanguka, umegongwa au umevutwa, na sasa bega au kiwiko kimebadilika umbo, au mkono haunyanyuki kabisa. Aliyevuka miaka 40 akianguka kisha akashindwa kuinua mkono, huenda kano imekatika. Hiyo isisubiri miezi.
- Bega la kushoto linauma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.
- Mwanamke aliyekosa hedhi, tumbo la chini linauma, na ncha ya bega inauma hasa akilala chali. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuvuja damu tumboni, na damu hiyo huleta maumivu begani. Hapo ni dharura ya saa hii.
- Kiungo kimevimba, kina moto, na una homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: gusa kiungo kizima, kisha kinachouma, ulinganishe joto.
- Unapungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, una uvimbe unaokua, au umewahi kuugua saratani au kifua kikuu.
- Una selimundu na bega linauma wiki nyingi. Kichwa cha mfupa wa mkono huweza kukosa damu na kuanza kubonyea. Picha kwanza, mazoezi baadaye.
- Ulinyanyua kitu kizito, ukasikia kitu kimekatika mbele ya kiwiko, na pakavia damu. Kano ya msuli wa mbele wa mkono huenda imeng'oka, na daktari wa upasuaji anahitaji kukuona ndani ya wiki mbili hivi.
- Mtoto mdogo alivutwa mkono, na sasa ameuacha unaning'inia hataki kuutumia. Usimvute tena. Mhudumu aliyefundishwa hurudisha kiungo hicho kwa dakika moja, lakini kama mtoto alianguka, lazima kwanza ijulikane kwamba mfupa haujavunjika.

Hapa niseme kuhusu kuchua, maana ndiyo tiba ya kwanza nyumbani kwetu. Kukanda kwa kitambaa cha maji moto juu ya bega linalouma bila ajali hakuna ubaya, kunatuliza. Lakini kiwiko kilichotoka kuumia hakichuliwi. Ukikandamiza kwa nguvu kiwiko kilichovunjika au kuteguka, damu iliyovia ndani ya msuli huweza kugeuka mfupa, na kiwiko kikajifunga kabisa. Vilevile kufunga vipande vya mti na vitambaa kwa kukaza juu ya mkono uliovimba huzuia damu. Vidole vikianza kupoa, kufa ganzi au kuuma kupita kiasi unapovinyoosha, fungua bandeji hiyo papo hapo na uende hospitali. Msuli uliokosa damu kwa saa chache haurudi kuwa msuli.

Vitu vya kuandaa

Hakuna cha gharama. Unahitaji mtu mmoja wa kukusaidia siku ya kujipima, kiti chepesi cha plastiki, mpini wa ufagio, taulo, chupa za maji za nusu lita, lita moja na lita moja na nusu (zikijaa ni nusu kilo, kilo moja na kilo moja na nusu), na mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa ukawa utepe mrefu. Mafundi baiskeli wengi wana mipira iliyotoboka wasiyoihitaji. Tafuta pia daftari. Utaandika maumivu kwa namba: 0 ni hakuna, 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria.

## Kujipima

Hatua ya 1. Onyesha kwa kidole kimoja.

Si kwa kiganja kizima, kidole kimoja.

*Upande wa nje wa mkono, pale watu wazima wanapochomwa chanjo.* Hapa ndipo wengi huonyesha, na hapa ndipo wengi huchuliwa bure. Panapouma hapana tatizo lolote: chanzo kipo juu zaidi, kwenye kano nne zinazokumbatia kichwa cha mfupa chini ya paa la bega.

*Juu kabisa ya bega, mtulinga unapoishia.* Ni kiungo kidogo cha mtulinga. Hutokea sana kwa wabeba magunia na kwa waliowahi kuanguka na pikipiki. Ukipeleka mkono mbele ya kifua kushika bega la pili, panachoma palepale.

*Kati ya shingo na bega, kisha maumivu yanashuka kupita kiwiko mpaka vidoleni, pamoja na ganzi.* Hiyo ni shingo mpaka ithibitike vinginevyo. Geuza uso upande unaouma, kisha tazama juu kidogo. Maumivu yakishuka mkononi kama umeme, chanzo ni shingoni. Dalili nyingine: ukiweka kiganja juu ya utosi unapata nafuu. Mwenye bega bovu hawezi kukaa hivyo. Mwenye shingo hupenda kukaa hivyo. Ukijikuta huku, mazoezi ya mwongozo huu siyo yako.

*Kiwikoni*, ruka hadi Hatua ya 5.

Hatua ya 2. Inua mwenyewe.

Vua shati, simama mbele ya kioo. Inua mikono yote miwili kwa pamoja kutoka ubavuni kwenda juu, kwa upande. Angalia inaanza kuuma wapi na inaacha wapi. Ikiuma katikati ya safari, mkono ukiwa unakaribia usawa wa bega na kupita kidogo, kisha ikatulia ukifika juu, hizo ni kano. Ikiuma pale mwisho wa juu tu, ni kiungo cha mtulinga.

Hatua ya 3. Mwenzako akuinulie.

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo, na ndiyo watu huiruka. Kaa kwenye kiti, legeza mkono kabisa. Mwenzako ashike kigasha na kuuinua polepole mpaka juu, wewe usimsaidie hata kidogo. Kisha bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje kama unapokea zawadi kwa mikono miwili, na mwenzako afungue vigasha kuelekea nje, kimoja kimoja. Alinganishe kulia na kushoto.

Soma matokeo hivi:

- *Mwenyewe huinui vizuri, lakini mwenzako anaufikisha juu karibu sawa na mkono mzima:* kiungo kiko huru, kano ndizo zimechoka. Nenda Hatua ya 8.
- *Mwenyewe huinui, na mwenzako naye anakwama palepale, hasa kwenye kufungua nje:* hilo ni bega lililoganda. Mfuko unaozunguka kiungo umevimba na kusinyaa. Dalili za kila siku ni kushindwa kufunga sidiria kwa nyuma, kutoa pochi mfuko wa nyuma au kujitawaza. Nenda Hatua ya 9.
- *Limekwama hivyo baada ya kifafa au kupigwa na umeme:* huenda bega limechomoka kwa nyuma, na likichomoka hivyo huenda usione umbo la ajabu la kukushtua. Nenda kapige picha, usilifanyie mazoezi.

Kosa la kawaida hapa ni mgonjwa kupinda kiuno au kupandisha bega lote kuelekea sikioni, mkono ukaonekana umefika. Mwenzako aweke kiganja kimoja juu ya bega kulizuia lisipande.

Hatua ya 4. Pima nguvu.

Viwiko vikiwa bado ubavuni, sukuma vigasha kwenda nje, mwenzako azuie. Ikiuma lakini nguvu ipo, kano imekasirika tu. Ikiwa nguvu haipo kabisa, au ukiinuliwa mkono mpaka usawa wa bega kisha ukaachiwa unaanguka wenyewe, kano huenda imekatika. Altrasaundi ya bega itaonyesha.

Hatua ya 5. Kiwiko.

Tafuta kifundo cha mfupa upande wa nje wa kiwiko. Bonyeza mbele yake kidogo. Kisha nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, na jaribu kunyanyua kiti cha plastiki kwa kushika mgongo wake. Ikichoma upande wa nje, umeupata ugonjwa ambao Wazungu waliupa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Kwetu ni wa wasonga ugali wa watu wengi, wakamua nguo, maseremala wanaozungusha bisibisi, wasusi na wanaokuna nazi kwa wingi.

Ikiwa panapouma ni kifundo cha ndani, na panachoma ukikunja kifundo cha mkono kwenda juu kiganja kikitazama juu huku mwenzako akizuia, ni ndugu yake wa upande wa pili. Tiba ni ile ile ikigeuzwa.

Ikiwa tatizo ni ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mshipa wa fahamu unabanwa nyuma ya kifundo cha ndani. Kunja kiwiko kabisa kwa dakika moja: ganzi ikiongezeka, jibu umelipata.

Na ikiwa kuna kifuko laini kama yai kwenye ncha ya kiwiko, hakina moto wala huna homa, ni maji yamejaa kwenye kifuko kinacholinda ncha hiyo. Hutokana na kuegemea meza au sakafu. Acha kuegemea, weka kitambaa laini, subiri wiki kadhaa. Usikitoboe. Sindano chafu hugeuza maji kuwa usaha.

Hatua ya 6. Andika.

Tarehe, mahali panapouma, mkono unafika wapi, namba ya maumivu mchana na usiku, na kazi moja unayoshindwa. Bila daftari utasema "bado inauma" hata kama umetoka 8 ukafika 4.

## Kujitibu

Hatua ya 7. Punguza kinachochokoza, usilaze mkono.

Kaa siku moja ujichunguze: ni tendo gani huleta maumivu? Libadilishe badala ya kuacha kazi yote. Fundi rangi apande ngazi ukuta umjie usawa wa kifua, asipake akiwa ameinua mikono juu ya kichwa kutwa. Msusi amkalishe mteja chini zaidi. Mwenye kiwiko anyanyue sufuria kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu na viwiko karibu na mwili. Nguo zikamuliwe kwa kubonyeza, na shuka zito likamuliwe na watu wawili. Ugali wa watu wengi usongwe kwa mwiko wenye mpini mnene na mrefu, mwili ukisogea badala ya kifundo cha mkono peke yake.

Usiku ndiyo adui wa bega. Usilalie upande unaouma. Lala upande mzima ukikumbatia mto, ili mkono usianguke mbele. Ukilala chali, weka taulo lililokunjwa chini ya mkono wa juu.

Mkono usifungwe kifuani kwa kanga zaidi ya siku mbili tatu. Bega lililofungwa huganda.

Kuna kanuni ya kuongoza mazoezi yote: *wakati wa zoezi maumivu yasizidi 4, na asubuhi ya kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa.* Ukiamka yamezidi, punguza mzigo nusu, usiache. Kama hayakuongezeka hata kidogo kwa siku kadhaa, uko chini mno, ongeza.

Hatua ya 8. Mazoezi ya kano za bega.

Panga wiki 12. Ndiyo, 12. Wengi huacha ya tatu wakipata nafuu, kisha hurudi mwezi unaofuata wakiwa vilevile. Nafuu hutangulia nguvu.

*Wiki ya 1 na 2.* Simama kando ya fremu ya mlango, kiwiko ubavuni, kimekunjwa. Sukuma fremu kwa mgongo wa kiganja kuelekea nje, kwa nusu ya nguvu yako, bila mkono kusogea. Shikilia sekunde 30, pumzika, rudia mara 5. Fanya asubuhi na jioni. Wengi hushangaa maumivu kupungua mara baada ya zoezi hili, na ni salama hata kwa aliye na maumivu makali.

*Wiki ya 3 hadi ya 6.* Funga mpira wa baiskeli kwenye nondo za dirisha, usawa wa kiwiko. Weka taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu. Likianguka, ujue kiwiko kimetoka mahali pake. Vuta mpira kufungua kigasha nje kwa hesabu ya mbili, rudisha kwa hesabu ya nne. Mara 12, seti 3, siku moja ndiyo moja hapana. Urudishaji wa polepole ndio dawa yenyewe, na ndio watu huuharakisha. Ongeza zoezi la pili: shika mpira kwa mikono miwili, vuta viwiko nyuma kama unayepiga makasia, mabega yakirudi nyuma na chini. La tatu: sukuma ukuta kwa viganja kama pushapu ya kusimama, na mwishoni ongeza msukumo kidogo mpaka mgongo wa juu ujitutumue.

*Wiki ya 7 hadi ya 12.* Anza kuinua chupa ya nusu lita, dole gumba likitazama juu, mkono ukienda mbele na pembeni kidogo, si ubavuni moja kwa moja. Fika usawa wa bega kwanza. Juu ya hapo baadaye. Mara 10, seti 3. Ukimaliza wiki bila kuvunja kanuni ya maumivu, nenda lita moja, kisha lita moja na nusu.

Makosa ninayoyaona kila mara ni haya: kuzungusha mikono hewani haraka haraka na kuita mazoezi, kuanza na mzigo wa gimu, na kunyoosha bega kwa kulivuta, wakati tatizo la hapa si ukakamavu, ni udhaifu.

Hatua ya 9. Bega lililoganda.

Kabla ya zoezi lolote, pima sukari. Kisukari na bega lililoganda hutembea pamoja, na kuna watu waliogundua kisukari chao kwa sababu ya bega. Sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, ikirudiwa kupimwa ikawa hivyo, ni kisukari. Bega la namna hii huwashika zaidi wenye miaka 40 hadi 60, na wanawake kuliko wanaume.

Ujue pia safari yake, maana ndiyo itakayokuzuia kukata tamaa na kuhama kutoka mganga mmoja kwenda mwingine. Kwanza huja miezi ya maumivu makali, hasa usiku. Halafu maumivu hupungua lakini bega linabaki limefungwa. Halafu linafunguka polepole. Yote kwa pamoja huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hurudi kwenye kazi zao, ingawa baadhi hubaki na upungufu kidogo.

*Ukiwa kwenye kipindi cha maumivu makali*, usilazimishe. Inama, mkono mzima ukiegemea meza, mgonjwa uning'inie na kuyumba taratibu mbele na nyuma, dakika 2, mara 4 kwa siku. Hapa ndipo sindano ya kotisoni (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kiungo, ikichomwa na daktari anayejua, husaidia kweli kupunguza maumivu. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa baada ya sindano hiyo, hivyo apime mara nyingi zaidi na amwambie daktari mapema.

*Maumivu yakishapungua na ukakamavu ukabaki*, sasa vuta. Kanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 10, kisha:

1. Lala chali, kiwiko ubavuni, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili. Mkono mzima usukume ule mbovu kufunguka nje. Shikilia sekunde 30, mara 5. Kama una nafasi ya zoezi moja tu kwa siku, fanya hili.
2. Pandisha vidole ukutani kama buibui. Weka alama ya chaki ulipofika, na tarehe.
3. Taulo nyuma ya mgongo: mkono mzima uko juu ya bega, mbovu chini kiunoni. Wa juu uvute wa chini taratibu. Hili liwe la mwisho, kwa sababu ndilo linalochelewa kurudi kwa watu wote.

Mtu yeyote akikwambia atalivunja bega lako kwa kulivuta kwa nguvu ili lifunguke, kataa. Mfupa wa mkono wa mama wa miaka 60 huweza kuvunjika kabla ya mfuko huo kuachia.

Hatua ya 10. Kiwiko cha nje na cha ndani.

Kaa, kigasha kiegemee meza, kiganja kining'inie nje ya ukingo. Kiwiko cha nje: kiganja kitazame chini. Cha ndani: kitazame juu.

Wiki mbili za kwanza shika chupa ya nusu lita, kifundo cha mkono kimenyooka, bila kukisogeza, sekunde 30 hadi 45, mara 5, mara mbili kwa siku. Baada ya hapo, inua kiganja kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha kishushe peke yake kwa hesabu ya nne. Mara 15, seti 3, kila siku. Ongeza uzito wa chupa kila unapoona seti zimekuwa nyepesi. Mwezi wa pili ongeza kukamua taulo kavu, pande zote mbili.

Mkanda wa kiwiko unaouzwa maduka ya vifaa tiba husaidia wakati wa kazi. Ufungwe upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya kifundo kinachouma, si juu yake, na ufunguliwe kazi ikiisha.

Kwa ganzi ya vidole viwili vya mwisho: usiku zungushia taulo kiwikoni ulifunge kwa kanga, ili kisikunjike usingizini. Mchana usiegemee kiwiko, na simu ndefu zungumza kwa spika.

## Dawa na sindano

Parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500, inatosha kuanzia. Kwa mtu mzima visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Diklofenaki na aibuprofeni zitumike siku chache, baada ya chakula, na *moja tu kati ya hizo*. Nimeona watu wamepewa kidonge cha diklofenaki, cha aibuprofeni na sindano ya diklofenaki siku moja. Zote ni ukoo mmoja, na zote hupiga tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha isiyotulia, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asinunue dukani bila kumuuliza daktari. Jeli ya diklofenaki inafaa kiwiko, kwa kuwa kano iko karibu na ngozi.

Sindano ya kotisoni kwenye kiwiko nakuomba uifikirie mara mbili. Utafiti uliofanyika Brisbane, Australia, ukachapishwa 2006, ulilinganisha sindano, fiziotherapia na kusubiri tu. Wiki ya sita waliochomwa walikuwa mbele ya wote. Lakini 47 kati ya 65 waliokuwa wamepona kwa sindano walirudiwa na maumivu, na kufikia mwaka mmoja walikuwa nyuma ya waliofanya fiziotherapia.

## Ikiwa mambo hayaendi

*Wiki 2 zimepita, hakuna mabadiliko.* Rudi Hatua ya 3 upime upya. Bega lililoganda mwanzoni hufanana sana na kano zilizochoka. Ukakamavu huja baadaye. Kama kufungua nje kumepungua tangu siku ya kwanza, hamia Hatua ya 9.

*Maumivu yanazidi kila baada ya zoezi.* Mara nyingi zoezi halina kosa, kosa ni kazi: umeongeza chupa juu ya siku nzima ya kufua. Siku ya kufua isiwe siku ya chupa.

*Eksirei imesema mfupa ni mzima, lakini naumwa.* Eksirei haionyeshi kano. Picha safi haikuhukumu kuwa unajifanya.

*Altrasaundi imesema kano imechanika.* Ulianguka karibuni? Muone daktari wa mifupa haraka. Hukuanguka na umevuka miaka 60? Watu wengi wa umri huo wana michaniko na hawaumwi kabisa. Fanya wiki 12 kwanza.

*Nimeambiwa nikakwanguliwe mfupa wa juu ya bega.* Uliza kama umeshakamilisha mazoezi. Matokeo ya utafiti wa Uingereza yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa waliokwanguliwa hawakupata nafuu ya maana kuliko waliotiwa kamera ndani ya bega tu bila kukwanguliwa chochote.

*Ganzi haipungui, na nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada inabonyea.* Msuli unakufa. Mshipa huo unahitaji daktari wa upasuaji, na kuchelewa kuna gharama isiyolipika.

*Wiki 12 zimeisha, nimefanya yote, bado.* Sasa omba rufaa. Tanzania kuna madaktari bingwa wa mifupa kwenye hospitali za MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na hospitali za rufaa za mikoa huweza kukuelekeza. Nenda na daftari lako, sukari uliyopima, na orodha ya sindano zote ulizochomwa na tarehe zake. Mwonyeshe daktari ukurasa wa siku ya kwanza na wa leo, na umwambie ni kazi gani moja unayotaka mkono huo urudi kuifanya.